Aliye Karibu Ndiye Anayengojeshwa



Jumapili iliyopita Mchungaji alihubiri kutoka Marko 5, kuanzia mstari wa 21 mpaka mwisho, habari za Yairo na yule mama aliyetokwa na damu miaka 12. Tulipomaliza, mvua ikatufungia pale chini ya mabati, na mama mmoja wa idara ya akina mama akanivuta kando. "Mzee, si wewe ndiye unaandikanga kwa karatasi ya kanisa? Waandikie hawa watoto wetu ya kwamba simu ni mtego wa shetani." Nikacheka, nikamwambia sawa, nitaandika juu ya simu. Sikumwambia ni simu ya nani.

Nitaandika juu ya yangu.

Wengi wenu mnanijua kama mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na pia kama msimamizi wa kile kikundi chetu cha maombi cha WhatsApp. Hicho kikundi kilizaliwa 2020. Mnakumbuka vile ilikuwa. Mwezi wa tatu makanisa yakafungwa, na serikali ikasema mazishi ni watu 15 tu. Hapa Kabras, ambapo mtu akifa boma linajaa mpaka watu wanakaa kwenye miwa, watu 15! Tulizika watakatifu wa kanisa hili hivyo, wengine wote tukiwa nyumbani tumeshika simu, tunasikiliza udongo ukianguka. Mpaka mwezi wa saba, makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa kwa watu 100 na saa moja tu ya ibada, simu ndiyo ilikuwa kanisa letu. Kwa hiyo mimi siwezi kukiita chombo hicho mtego wa shetani. Kilitubeba. Shida yangu ni kwamba milango ilifunguliwa, tukarudi kukaa kwa benchi, lakini mkono ulikuwa umeshajifunza njia ya mfukoni.

Sasa nije kwa Papa.

Papa wangu yuko hai, na tunaishi naye boma moja. Huniita Papa pia, kwa sababu nilipewa jina la baba yake, kwa hiyo kwetu ni Papa anaongea na Papa. Tangu Mama alale, kila jioni baada ya chakula alikuwa anakuja kwangu na fimbo yake, anakaa kwa kiti kile cha karibu na mlango, na anaanza kuongea. Habari za kale. Nani alikuwa jirani ya nani kabla miwa haijaletwa, nani aliuza shamba na kwa nini, ng'ombe gani alizaa ng'ombe gani. Mimi nilikuwa nakaa mezani na simu, nikijibu maombi. Katika kikundi tuko watu 130 na kitu, na saa mbili usiku ndiyo saa ya watu kueleza mizigo yao. Mmoja ana kesi, mwingine mtoto wake amekosa karo, mwingine mume amepotelea kwa beti. Nilikuwa naandika, "Tunasimama na wewe, dada," huku nikimwambia Papa, "Mm. Mm."

"Papa, unanisikia?"

"Nakusikia, Papa."

Niliona ninatumikia. Hilo ndilo lilinifanya nisijishuku. Kijana anayetazama video za watu wakicheza densi, huyo anajua moyoni kwamba anapoteza wakati. Mimi nilikuwa naomba!

Jioni moja mwezi wa nane mwaka jana, tukiwa tumeshaanza kuvuna mahindi, mama mmoja wa upande wa Chegulo aliandika kwamba mtoto wake amepatwa na degedege na hana namna ya kumfikisha hospitali. Kikundi kikawaka moto. Watu wanaandika Amina, wengine wanatafuta boda, wengine wanauliza namba ya kutuma pesa. Papa alikuwa anaongea. Nilishika maneno matatu. Shamberere. Ile ng'ombe. Usisahau.

"Sawa, Papa," nikasema.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Na kweli nilikuwa nimeshika. Nilikuwa nimeshika simu.

Baada ya siku nne Papa alipatwa na kiharusi. Tulimpeleka Kakamega, akalala wadi wiki mbili, na Mungu akamrudisha nyumbani. Lakini mkono wa kulia haukurudi, na maneno hayakurudi. Akili iko, anaelewa kila kitu, anacheka mjukuu akianguka na kuku. Kuongea ndiyo hawezi. Sasa sikilizeni jambo ambalo limeninyima usingizi tangu hapo. Siku moja nilikuwa nikimlisha uji, nikataja Shamberere. Akatikisa kichwa polepole, akafunga macho, akatulia kabisa, kama mtu ambaye ameweka mzigo chini. Anadhani ninajua. Aliniambia, nikamjibu nimeshika, akaniamini. Na mimi sijui hata kama ng'ombe huyo ni wake ama ni wa mtu, kama anadai ama anadaiwa.

Hapo ndipo niliposikia mahubiri ya Marko 5 kwa sikio lingine.

Yairo ni mtu mkubwa, mkuu wa sinagogi, na mtoto wake anakufa. Hiyo ndiyo simu inayolia. Yesu ameshakubali, yuko njiani, umati unamsonga. Yule mama anagusa vazi na anapona hapo hapo. Angalieni vizuri: anapona kabla Yesu hajasimama. Nguvu ilikuwa imeshatoka, kazi ilikuwa imeisha. Kwa lugha yetu tungesema ilikuwa imeshatumwa na imeshapokelewa, hata ujumbe wa kuthibitisha umeingia. Yesu angeendelea na safari na hakuna mtu angelalamika, hata yule mama mwenyewe. Wanafunzi walishangaa akiuliza ni nani amemgusa kwenye umati kama ule. Lakini alisimama, akatafuta uso. Na mstari wa 33 unasema yule mama alikuja akitetemeka, akamweleza kweli yote. Yote! Miaka 12, waganga wengi, mali yote imeisha. Hiyo si hadithi ya dakika mbili, na nyinyi mnajua mama akianza kueleza ugonjwa. Yairo amesimama hapo anakanyaga chini mguu huu na mguu huu. Yesu alimsikiliza mpaka mwisho, na ilipofika mwisho watu wakaja kutoka nyumbani kwa Yairo kusema mtoto amekufa.

Mimi ningemwambia yule mama, "Sawa mama, umepona, Bwana asifiwe, tutaongea." Na ningekuwa na sababu nzuri.

Tena tumeshaanza kufanya hivyo hata kwa matanga. Mtu amefiwa hapo ng'ambo ya mto, unamtumia shilingi mia mbili kwa M-Pesa na neno "pole", na unahesabu umefika. Tangu M-Pesa ianze 2007 imetusaidia sana, jeneza nyingi zimenunuliwa kwa michango ya watu walio mbali, na mtu wa Mombasa akituma amefanya vizuri. Lakini wewe wa ng'ambo ya mto? Marafiki wa Ayubu, kabla hawajaharibu kwa maneno, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Hakuna namba ya kutumia kitu kama hicho.

Kuna mtu atasema, "Mzee, na yule mtoto wa Chegulo?" Ni swali la haki, na nimelibeba miezi mingi. Mtoto alipona. Boda alipatikana, hospitali walifika. Je, ningemwacha mama yule alie peke yake ili nisikie habari za ng'ombe?

Jibu nililofikia ni hili, na kama kuna aliye na bora anifundishe. Usiku ule katika kikundi tulikuwa watu 130 na zaidi. Nilipochungulia tena zile meseji baadaye, nikaona boda alitafutwa na kijana wa kwaya, pesa zilitumwa na watu tisa, na mimi niliandika Amina nne na mstari mmoja wa Zaburi. Ningenyamaza, mtoto angefika hospitali vilevile. Lakini katika ile nyumba yangu, mbele ya kile kiti cha mlangoni, hapakuwa na mtu mwingine. Mke wangu alikuwa jikoni. Papa hakuwa na watu 130, alikuwa na mimi. Kule nilikuwa mmoja wa wengi, hapa nilikuwa wa pekee, na nikachagua kule. Tena nilichagua hivyo kila jioni, si ile moja tu, kwa sababu meseji haingoji na baba anangoja. Aliye karibu ndiye anayengojeshwa, manake tunajua hata kesho atakuwepo. Mimi nilijua hivyo mpaka siku ya nne.

Sitaki mdhani ninasema zamani kulikuwa kuzuri. Miaka yote nikikua Papa alikuwa akifanya kazi Reli, Nairobi, anakaa Makongeni, na anakuja nyumbani Desemba peke yake. Barua zake zilipitia Posta ya Malava, na kati ya barua na barua hatukujua kama yuko hai. Huo mwezi wa Desemba alikuwa wetu mzima mzima. Hakuna mtu wa Nairobi angeweza kumfikia hata akitaka. Alinifundisha kusokota kamba ya mkonge, na nilipokuwa nikimweleza mambo ya shule alikuwa anaacha kusokota mpaka nimalize. Hiyo nilikula, na bado nimeshiba. Lakini dada yangu mdogo alipougua surua, telegramu ilimkuta Papa mtoto ameshazikwa. Alifika akakuta udongo umekauka juu. Mama alibeba kilio kile peke yake, na sikumbuki kama aliwahi kukiweka chini. Leo mtu akiugua hapa saa tano usiku, saa tano na dakika moja ndugu yake wa Nairobi anajua. Nani atataka kurudi kule?

Na mimi nina binti yangu wa pili, yuko Riyadh, amefanya kazi za nyumba mwaka wa tatu huu. Saa zao ni sawa na zetu, kwa hiyo watoto wa tajiri wake wakilala, na huku kwetu ni usiku. Hapo ndipo anapiga. Kwake yeye simu ndiyo kiti cha mlangoni. Sina mahali pengine pa kukaa naye. Ningetupa simu mto Nzoia kama yule mama wa idara anavyotaka, ningekuwa nimemfungia mtoto wangu nje usiku.

Mtume Yohana alilijua jambo hili. Katika Waraka wake wa pili, mstari wa 12, anasema ana mengi ya kuwaandikia, lakini hataki kwa karatasi na wino, anatumaini kuja waongee mdomo kwa mdomo ili furaha itimie. Nimeupenda sana huo mstari, kwa sababu ameandika hayo kwa karatasi na wino! Hakusema karatasi ni mbaya. Alisema haitoshi, akaitumia tu, huku moyo wake uko njiani.

Lakini hata hapo kwa binti nilianguka. Ijumaa moja amepiga kwa video, ananieleza vile alivyolala na homa siku mbili na bado akafua, na zile meseji za kikundi zinaendelea kuteremka juu ya kioo, juu ya uso wake. Nikawa nasoma. Akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Baba, macho yako yanasoma."

Nilidanganya. Nikasema ni mwanga wa stima.

Kwa hiyo nilitambua ugonjwa wangu haukuwa simu. Ningekuwa mtu wa wakati wa Papa, ningesoma gazeti mtoto akiongea. Ugonjwa wangu ulikuwa kutaka kuhitajika na wengi. Wale 130 wakisema "Asante Mzee, ubarikiwe," nilikuwa nashiba, na Papa hajawahi kuniambia asante kwa kukaa kwangu mwenyewe.

Sasa nyumbani tunafanya hivi. Saa kumi na mbili na nusu simu inaingia kwa kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni, mpaka saa mbili na nusu. Wiki ya kwanza mkono wangu ulikuwa unaenda mfukoni peke yake, kama wa mtu aliyeacha tumbaku. Mke wangu alikuwa ananitazama tu, anacheka. Ile kazi ya kikundi tumegawana watu sita kwa zamu, na niseme ukweli mbele za Mungu, kikundi kinaendelea vizuri kabisa bila mimi. Iliniuma kidogo. Ijumaa usiku simu inatoka kwa kabati, nafunga kila kitu kingine isipokuwa binti, navuta kiti cha Papa karibu, naye na mjukuu wake wanatazamana. Papa hawezi kusema neno, na yeye siku hizi hasemi sana. Bando linaisha hivyo, wakitazamana. Sijawahi kununua kitu kwa bei nzuri kama hiyo.

Lakini ilibaki ile ya Shamberere.

Nilikuwa na njia mbili. Ningenyamaza, Papa abaki na amani yake, afe akijua mtoto wake ameshika. Ni amani, lakini imejengwa juu ya uongo wangu. Ama nimwambie, nimnyang'anye. Niliomba juu yake wiki nyingi, na watu wengine niliowauliza, hata wa imani, walinishauri ninyamaze, mzee ni mgonjwa, usimpandishe presha. Kilichoniamua ni yule mama wa Marko 5. Alikuwa ameshapona, angeweza kunyamaza na kwenda zake. Alirudi akitetemeka akasema kweli yote. Na tena nilifikiri, kama ni deni, basi kuna mtu Shamberere ambaye naye anangojeshwa.

Basi Alhamisi iliyopita, simu ikiwa kwa kabati, nilisogeza kiti changu mbele ya chake. Nikamwambia, "Papa, ile siku uliniambia habari ya ng'ombe, sikuwa nakusikia. Nilisema nimeshika, lakini nilikuwa kwa simu. Sijui uliniambia nini. Nisamehe."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akageuza uso kwa ukuta. Asubuhi alikataa chai kutoka kwa mkono wangu, akaipokea kwa mke wangu. Nilienda kulima, na hakuna siku nimelima vibaya namna hiyo.

Jioni ya Ijumaa nilipokaa tena mbele yake alikuwa ananingoja. Akainua mkono wa kushoto, akanionyesha vidole viwili. Nikauliza, ng'ombe wawili? Akatikisa kichwa, hapana. Watu wawili? Miaka miwili? Ndama wawili? Hapana, hapana. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, mimi nauliza, yeye anakataa, akichoka anapumzika, kisha anainua tena vile vidole viwili. Nilipomuuliza kama ni yeye anayedaiwa, machozi yakamtoka, akatikisa kichwa kuonyesha ndiyo.

Kwa hiyo Jumatano naenda Shamberere. Nitaanzia kwa wazee wa pale, niulize nani alifanyana biashara ya ng'ombe na mtu wa Reli zamani. Kama kuna mpendwa wa upande huo anayesoma karatasi hii, na katika boma lenu kuna mzee ama mjane aliyewahi kutaja jambo la namna hiyo, naomba anisaidie. Asinitumie meseji. Nipo nyumbani kila jioni kuanzia saa kumi na mbili na nusu, na kiti kipo.